Bahasha Iliyofunguliwa

Bahasha ilikuwa ya kaki, saizi ya A4. Mgongoni, pale mfuniko unapolalia karatasi, palikuwa na muhuri wa buluu uliokatika pande mbili: nusu juu ya mfuniko, nusu chini yake. Bi mkubwa aliyeileta alivuka kutoka Mkoani, Pemba, siku moja kabla, akalala kwa nduguye Magomeni, na asubuhi akaja nayo mjini Unguja imezongwa kanga ndani ya mkoba. Aliiweka juu ya kaunta ya steshenari moja Mlandege, mbele ya kijana anayepokea vifurushi vya kwenda nje.

"Mwanangu, hii iende Kanada. Ndani mna matokeo ya chuo ya dadaako."

Kijana akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye ule muhuri.

"Bi mkubwa, nani kaifungua?"

"Mimi. Nilitaka kuona kama hawajalikosea jina."

"Ikishafunguliwa haifai tena."

Bi mkubwa alibaki kimya, mkono juu ya bahasha. Hakufanya lolote ambalo mzazi mwenye akili zake asingelifanya. Na jina kweli lilikuwa limekosewa, herufi moja.

Mwenye bahasha ana shahada ya sayansi na ualimu, hisabati na kemia. Huu ni mwaka wake wa pili kwenye ghala nje kidogo ya Toronto, shifti za usiku, anapanga vifurushi juu ya mikanda inayokwenda.

Wiki ya tano sasa, na ile bahasha haijanitoka kichwani.

## Kubeba boksi

Msemo wenyewe tumeuzoea hata hatuusikii tena. Fulani yuko Uingereza, anabeba boksi. Fulani yuko Marekani, anabeba boksi. Yakishasemwa hayo mazungumzo ya barazani yanahamia kwenye jambo jingine.

Kazi hiyo siidharau hata kidogo. Ni kazi ya halali, na nyumba ngapi za Fuoni na Chake Chake zimesimama kwa boksi. Kinachoniuma ni kwamba msomi huingia ghalani kwa nia ya "miezi sita tu, nijiweke sawa", na kabla hajapanda ndege hakuna aliyemwambia ni kitu gani kifanyike ndani ya miezi sita hiyo. Miezi sita ikaja kuwa miaka sita.

Muda mrefu niliamini kinachowakwamisha ni ubaguzi. Upo, nani asiyeujua: jina la Kiislamu juu ya barua ya maombi, lafudhi kwenye simu. Lakini ukimfuata mtu mmoja mmoja, hatua kwa hatua, mara nyingi unakuta hajafika hata kwenye mlango wa huyo mbaguzi. Amekwama nyuma sana, kwenye karatasi iliyobaki Unguja au Pemba.

Hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka. Karatasi iliyobaki Unguja ni jambo tunaloliweza.

## Kisigino

Mchukue muuguzi. Kasoma, kafanya kazi wodini Mnazi Mmoja au Abdulla Mzee, na sasa anahudumia wazee majumbani katika mji mmoja wa Uingereza. Wenyewe wanaiita kea. Saa moja asubuhi anaingia kwa mzee wa kwanza, ana dakika 30 za kumwosha, kumvisha, kumpa chai na vidonge, na kuandika yote kwenye simu ya kazi.

Anapomgeuza kwa shuka la kutelezesha anaona kisigino kina wekundu, duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Anaubonyeza kwa kidole. Ngozi nzima ikibonyezwa hupauka, ukiondoa kidole damu ikarudi. Hii haipauki. Inabaki nyekundu vilevile.

Hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo. Mfupa wa kisigino unaibana ngozi dhidi ya godoro, damu haipiti, na uzito huo usipoondolewa ngozi itapasuka. Muuguzi anayajua yote haya kama anavyolijua jina lake. Mto chini ya shavu la mguu anaweza kuuweka, ili kisigino kielee. Lakini kuipima hali ile, kupanga ratiba mpya ya kumgeuza mgonjwa, kuchagua cha kufungia kidonda, hayo si yake tena. Yeye anaandika, anapiga simu afisini, na muuguzi mwenye leseni ya Uingereza atakuja siku yake ikifika.

Ujuzi uko hapo hapo kando ya kitanda, na hauruhusiwi kunyoosha mkono.

Tukizungumza juu ya wasomi wetu wanaofanya kazi za chini, tunazungumza juu ya mshahara na heshima. Mimi sasa kwanza nakiona kile kisigino.

## Tathmini na leseni

Kosa linalokula miaka mingi kuliko yote ni kudhani kwamba cheti "kikishatambuliwa" mambo yamekwisha. Kuna milango miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine.

Mlango wa kwanza ni tathmini. Kanada wengi hupitia WES, shirika la kutathmini vyeti. Uingereza kuna UK ENIC. Hawa wanasema tu kwamba shahada yako inalingana na kiwango fulani cha kwao. Tathmini ya WES inayotumika kwa uhamiaji wa Kanada hudumu miaka mitano, na inakupa alama kwenye maombi ya ukaazi. Haikupi ruhusa ya kusimama mbele ya darasa.

Mlango wa pili ni leseni, nao unalindwa na baraza la taaluma. Kanada kila jimbo lina lake. Mwalimu wa Ontario anakwenda Ontario College of Teachers. Akihamia Alberta anakutana na taratibu nyingine. Uuguzi wa Uingereza uko chini ya NMC, baraza la wauguzi na wakunga la huko. Udaktari, uhandisi na uanasheria nao wana mabaraza yao. Kazi kama za kompyuta, masoko au uhasibu wa kawaida wa afisini mara nyingi hazina mlango huu wa pili, na kwa hao tathmini na wasifu mzuri wa kazi hutosha.

Sasa angalia uchungu wake. Nchi inampa mtu alama za kuingia kwa sababu ni mwalimu, akishaingia jimbo linamwambia kwetu wewe si mwalimu. Wanaosema ni wawili tofauti na hawazungumzi. Yule binti wa ghalani alifikiri amemaliza alipopata alama zake. Bahasha aliyoifungua mama yake ilikuwa ya mlango wa pili, na alianza kuitafuta akiwa na mwaka mzima na miezi kadhaa nchini.

Ghuba ni vingine kidogo. Kwa kada za afya Oman na jirani zake hutumia uhakiki wa DataFlow: wao wenyewe wanauandikia uongozi wa chuo, baraza na hospitali uliyofanyia kazi, wakiuliza kama ni kweli. Barua pepe ya hospitali ikiwa imekufa, au karani akaiona akadhani ni ya matapeli akaifuta, uhakiki unarudi haujathibitishwa. Mtu hajadanganya kitu, ila hakuna aliyemjibia.

## Kwa nini isifunguliwe

Baraza la ng'ambo halimwamini mwenye cheti, wala mama yake. Linaiamini njia. Karatasi iwe imetoka mkononi mwa msajili wa chuo ikaingia mkononi mwao, katikati asiiguse mtu. Muhuri na saini juu ya mfuniko vipo kwa ajili hiyo tu.

Kwa hiyo utaratibu uko hivi. Mwombaji anafungua akaunti kwa baraza kwanza, anapata namba ya kumbukumbu. Namba hiyo na fomu ya maombi anaipelekea afisi ya msajili. Msajili anajaza fomu, anaiambatanisha na transkripti, yaani orodha ya masomo na alama, anatia ndani ya bahasha, anaifunga, anapiga muhuri juu ya mfuniko na kutia saini. Namba ya kumbukumbu inaandikwa pia nje. Chuo ndicho kinachotuma. Familia ilipie tu gharama ya kifurushi na ichukue namba ya kukifuatilia. Ukipewa bahasha mkononi, uliza kabla kama baraza lile linakubali ipelekwe na mtu, maana mengi hayakubali. Uliza pia kama chuo kinaweza kutuma kwa njia ya elektroniki, na kama baraza litapokea, hapo unaokoa wiki nzima au zaidi.

Na ni bahasha ngapi? WES wanataka yao, baraza la walimu linataka yake. Moja haizungushwi. Omba tatu kwa mpigo, chuo kikiwa bado kinakukumbuka.

Kuna karatasi nyingine ambayo karibu kila mtu huisahau: maelezo ya kozi. Transkripti inasema "Kemia ya Viumbe, B+". Baraza linauliza ulisoma nini humo, saa ngapi darasani, saa ngapi maabara. Kwa walimu wanauliza wiki za mazoezi ya kufundisha, kwa wauguzi saa za wodini. Mwaka unaomaliza chuo, maelezo hayo yapo kabatini kwa mkuu wa idara. Miaka kumi baadaye mtaala umebadilishwa mara mbili, mkuu wa idara kastaafu, na hakuna anayejua faili liko wapi. Yachukue siku ya mahafali, yenye muhuri.

## Herufi moja

Bi mkubwa wa Mkoani aliifungua bahasha kwa ajili ya jina, na hofu yake ilikuwa na msingi.

Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana wanayoitaka kwenye fomu zao. Tuna jina, la baba, na la babu. Mmoja ataweka la babu kwenye kisanduku cha ukoo, mwenzake ataweka la baba. Halafu kuna tahajia. Daftari la skuli limeandikwa Khamis, fomu ya mtihani ikaandikwa Hamis, kitambulisho Khamisi. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Abdalla, Abdallah. Zuwena, Zuena. Kwetu ni mtu yule yule, tunamjua kwa sura na kwa mama yake. Kwa kompyuta ya Toronto ni watu watatu.

Chanzo chake kiko mbali. Vyuo vyetu kwa kawaida hufuata jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, na jina la kidato cha nne ni lile lililojazwa wakati wa usajili wa mtihani. Kwa hiyo siku ambayo skuli inabandika orodha ya watahiniwa ili wahakiki majina ni siku kubwa kuliko tunavyoichukulia. Mtoto wa miaka kumi na sita anapita, anaona jina linafanana-fanana, anaondoka. Laiti wazazi wangelikwenda nao siku hiyo, na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Kosa likishatokea linatibiwa kwa hati ya kiapo, inayosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Hati hizo nyingi huharibika kwa sababu moja: inataja tahajia mbili, kumbe ya tatu iko kwenye leseni ya kazi. Kabla ya kwenda kwa wakili tandika vyote mkekani, cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, leseni, kitambulisho, pasi, unakili kila jina herufi kwa herufi. Yote yaingie kwenye kiapo kimoja. Toa nakala halisi nne, kwa kuwa kila afisi hubaki na yake.

Dada zetu wana tahadhari ya ziada. Kwetu mwanamke akiolewa habadilishi jina. Baadhi yao wakishafika ng'ambo huandikisha pasi mpya kwa jina la mume, ili iwe rahisi kwenye viwanja vya ndege, na vyeti vyote vinabaki kwa jina la baba. Kama imeshafanyika, cheti cha ndoa na tafsiri yake ya Kiingereza iliyothibitishwa viende pamoja na kila ombi. Kama haijafanyika, nasihi yangu ni kuiacha.

## "Tanzania" ni moja kwenye fomu

Hili linawahusu Wazanzibari peke yetu, na limewachelewesha watu bila ya wao kujua sababu. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Afya si la Muungano. Muuguzi aliyesajiliwa hapa leseni yake ni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga la Zanzibar, si la Bara. Fomu ya ng'ambo ina neno moja tu, Tanzania, na anayeshughulikia faili huko anaweza kuliandikia baraza la Bara, ambalo litajibu kwa haki kabisa kwamba mtu huyu halimjui.

Usisubiri litokee. Pale penye maelezo ya ziada andika wazi ni baraza lipi lililokusajili na anwani yake ya sasa. Kabla ya hapo piga simu, hakikisha kuna mtu anayeisoma barua pepe ile, mjue jina. Na leseni ya nyumbani usiiache ikafa kwa sababu "niko nje, ya nini". Baraza la kigeni litaomba uthibitisho kwamba uko katika hali nzuri huko ulikotoka, na anayedaiwa ada za miaka minne haupati mpaka alipe.

## Kazi ya chini iliyo karibu na ngazi

Wanaouliza, nawaambia hivi: kama huna budi kuanza chini, chagua chini ipi.

Uingereza, tangu 2023, NMC inakubali ushahidi wa Kiingereza kutoka kwa mwajiri, kwa mtu aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza au aliyekosa alama ya mtihani kwa nusu tu, na ambaye amefanya kazi ya afya au ya kulea isiyo na usajili nchini humo kwa angalau mwaka. Uuguzi wetu unasomeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo njia hii inatuhusu. Lakini fomu hiyo husainiwa na msimamizi ambaye mwenyewe yuko kwenye rejista ya NMC. Kampuni nyingi za kuhudumia wazee majumbani hazina mtu kama huyo, nyumba za wazee zenye huduma ya uuguzi wanaye. Kazi ni ile ile, mshahara unakaribiana, na nyumba moja ina mtu wa kukusainia, nyingine haina. Hili mtu huligundua mwaka wa tatu.

Asiyepitia huko atafanya mtihani wa Kiingereza, IELTS: 7.0 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, 6.5 kuandika. Au OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya: B tatu na C+ ya kuandika. Kinachotushinda wengi ni kuandika, maana tumezoea kuandika mengi wakati swali limeuliza machache.

Kisha kuna mitihani miwili ya uwezo. Wa kompyuta, CBT, una sehemu ya hesabu na sehemu ya uuguzi, na unaweza kufanywa nje ya Uingereza. Hesabu ni za wodini: daktari kaandika miligramu 75, chupa ina miligramu 100 ndani ya mililita 2, utavuta ngapi? Moja na nusu. Mililita 1,000 ziingie kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, matone 42 kwa dakika. Nani wodini kwetu hafanyi hayo?

Wa pili, OSCE, ni wa vitendo, vituo kumi, na unafanyika Uingereza tu. Hapa wanaanguka wauguzi hodari. Mtahini hakupi alama kwa unachokijua, anakupa kwa anachokiona na kukisikia. Ukimpa dawa mgonjwa bila kuuliza mzio wake, umeanguka. Usipolinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na mkanda wa mkononi, umeanguka. Aliyezoea wodi yenye wagonjwa arubaini, wote anaowajua kwa majina, haoni haja ya kumuuliza mtu yeye ni nani. Dawa yake ni kufanya mazoezi kwa sauti, mbele ya kioo au mbele ya mwenzako: "Naosha mikono. Naomba jina lako kamili. Una mzio wa dawa yoyote?" Kila siku, mpaka mdomo uyaseme wenyewe.

Na onyo moja kwa walioko bado nyumbani. Uingereza ilifunga viza ya kea kwa wanaoajiriwa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Walioko ndani wana utaratibu wao wa mpito. Anayekuuzia leo kibali cha kea ukiwa Unguja anakuuzia upepo, na wapo walioweka shamba la mikarafuu rehani kwa upepo huo.

## Saa 96

Hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Ada za NMC kwa muuguzi wa nje, kwa viwango vya 2025, zilikuwa paundi 140 za kukaguliwa, 83 za CBT, 794 za OSCE na 153 za usajili. Jumla 1,170. Kima cha chini cha mshahara Uingereza tangu Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Gawa: saa 96 za kazi kabla ya kodi, bila ya mtihani wa Kiingereza na nauli.

Saa 96 si nyingi. Ni kama wiki mbili na nusu za kazi.

Basi kwa nini zinachukua miaka mitano?

Kwa sababu kila paundi 100 inayokuja kwetu ni saa nane na kidogo, yaani shifti nzima. Mchango wa harusi ya binamu, shifti. Khitma, shifti. Vigae vya ukumbi, shifti kumi. Sikukuu, simu mpya ya mdogo wake, boti ya kushirikiana. Na shifti tunazokula ni zile za ziada, za Jumamosi na Jumapili, ndizo ambazo angekaa na kitabu. Hatumwombi pesa tu. Tunamwomba ile siku moja ya wiki ambayo angerudi kuwa muuguzi.

Yeye hatosema. Atatuma, na mwisho wa ujumbe ataandika "msijali". Tumemlea hivyo, asiyetuma hana radhi.

Familia chache zimekaa zikakubaliana: mwaka wa kwanza na wa pili hatumuombi isipokuwa ugonjwa. Pengine ada ya mtihani wanachangia wao kutoka huku, kama wanavyochangia harusi. Mara ya kwanza kulisikia hili niliona kama ni kinyume, pesa kutoka Wete kwenda Ulaya. Sasa naona ndiyo hesabu iliyo sawa. Akipata leseni, mwezi wake mmoja utazidi shifti zote tulizokula.

## Je, tunazimaliza wodi zetu?

Kuna swali silikwepi. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo nchi tajiri zimetakiwa zisiende kuchukua watu wake kwa makundi. Mtu binafsi akiomba mwenyewe hakatazwi. Basi anayemwelekeza muuguzi wa Pemba namna ya kupata leseni ya Uingereza anafanya nini?

Nimelizungusha hili usiku mwingi, na jibu langu bado lina nyufa. Aliyeko wodini hapa, anayehudumia, simshawishi aondoke. Lakini aliyekwisha kuondoka na sasa anaosha vyombo au anabeba boksi, wodi yetu imemkosa na wodi yao haijampata. Ujuzi ambao hautumiki unakufa, na mabaraza mengi yanauliza mara ya mwisho ulifanya kazi ya taaluma yako lini. Nikimsaidia akabaki muuguzi, kokote aliko, siku akirudi atarudi muuguzi.

## Paje

Na hapa kwetu tuna yetu. Kuna chumba cha hoteli, iwe Paje au Nungwi, taulo limekunjwa umbo la bata maji juu ya kitanda, na aliyelikunja ni mwalimu wa fizikia kutoka Bara. Kisheria si mhamiaji, yuko nchini mwake. Lakini ajira ya skuli za Zanzibar si ya Muungano, utaratibu ni mwingine, na huku hana ndugu wa kumwelekeza aanzie afisi gani. Skuli iko dakika kumi kwa miguu kutoka hotelini.

Tunalia kwamba Toronto haimuoni mwenetu. Huyu nani anamuona?

## Bahasha ya pili

Kijana wa steshenari hakumwacha bi mkubwa aondoke hivi hivi. Alimwandikia mpangilio kwenye karatasi. Kwanza kiapo cha jina. Kisha chuo, kwa barua ya kuomba transkripti mpya pamoja na nakala ya kiapo, na bahasha mpya ya mlango wa pili. Chuo kitume wenyewe. Chini kabisa akaandika kwa herufi kubwa: ISIFUNGULIWE.

"Sasa lazima tujue pasi yake imeandikwaje hasa," alisema. "Tumpigie."

Ilikuwa saa nne asubuhi Mlandege, saa tisa za usiku kule, mapumziko ya shifti. Simu ilipokelewa kwa video. Nyuma yake mlikuwa na taa nyeupe na sauti ya mikanda. Bi mkubwa alisahau salamu.

"Mwanangu, nitajie jina lako kama lilivyo kwenye pasi. Herufi moja moja. Polepole."

Binti akaanza kutaja. Mama yake hakuwa na karatasi karibu, akaivuta ile bahasha ya kaki, akaigeuza upande usio na muhuri, akaandika.